Ofisi Iliyopanda Ngamia

Mwezi wa Februari mwaka 1996, mbele ya Mkuu wa Wilaya, machifu wa tarafa zote na keki yenye maandishi ya kijani, Kituo Kikuu cha Tiba, Mafunzo na Utafiti kilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo jamii ya Kaskazini Mashariki ingeshirikishwa.

Ukumbi mzima wa Garissa ulipiga makofi. Abdimalik Duale alipiga kuliko wote, maana punde tu alikuwa ametangazwa kuwa Afisa Mshirikishi wa Jamii, kwa majaribio.

Mkurugenzi wa Kituo, Profesa Mwangemi, aliyekuwa amefika kwa ndege asubuhi hiyo na aliyetarajiwa kuondoka kwa ndege mchana huo, alieleza historia ya jambo lenyewe. Zamani, alisema, watafiti walikuja, wakawatoa watu damu, wakaondoka. Huo ulikuwa utafiti wa kizamani, na Kituo kiliusikitikia sana. Sasa watafiti watakuja, watashirikisha, ndipo wawatoe watu damu na kuondoka. Kamati tatu zilikuwa zimekaa na kuthibitisha kwamba tofauti hiyo ni kubwa.

Ili ushirikishwaji usiwe maneno matupu, Kituo kilikuwa kimetunga Mwongozo. Kifungu chake kilichosifiwa zaidi, alichokiandika Profesa mwenyewe katika warsha huko Naivasha, kando ya bwawa la kuogelea, kilisema hivi: ofisi itakuwa ndani ya jamii, itajengwa na jamii, kwa vifaa vya jamii na kwa desturi za jamii, na uongozi utakaa pale ofisi ilipo. Inasemekana warsha nzima ilisimama kwa hisia. Wafadhili wa Ulaya nao walikipenda, wakaahidi kuja kuifungua ofisi hiyo wenyewe mara itakapokamilika.

Abdimalik hakuwa mtu wa mzaha. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika mnada wa mifugo wa Garissa, na aliamini kwamba jambo likielezwa vizuri kwa maandishi, nusu yake imekwisha kufanyika. Kwenye usaili alipoulizwa kama anaifahamu jamii, alijibu kwamba anaifahamu, wengine ni shangazi zake. Jopo likaandika kwamba mwombaji ana mtandao mpana.

Wiki iliyofuata alipanda Landrova ya Kituo kwenda kuuona mtandao wake. Aliukuta katika manyatta, yaani kambi ya wafugaji, ya Har Weyne, kaskazini ya mji, ukikamua ngamia.

Mtandao huo uliitwa Weris, dada wa marehemu baba yake. Alikuwa mjane mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo iliyo mbali. Kwa Kisomali shangazi wa upande wa baba huitwa eddo, na shangazi naye humrudishia mtoto wa kaka yake jina hilo hilo, kwa hiyo wawili hao waliitana eddo mchana kutwa na hakuna aliyechanganyikiwa.

"Eddo, nimekuletea heri," alisema Abdimalik.

"Ile heri ya mwaka juzi ilikuja na sindano."

"Hii haina sindano. Hii ni ushirikishwaji."

"Inatibu nini?"

"Haitibu, eddo. Ni kwamba tunakaa pamoja, tunazungumza."

"Na sasa hivi tunafanya nini?"

"Hii si rasmi."

Weris alimaliza kukamua, akaweka kibuyu kivulini. Kisha akauliza swali alilokuwa akimwuliza kila mtu aliyetoka mjini tangu mwaka juzi.

"Damu ya Nasteha iko wapi?"

Nasteha alikuwa binti yake wa pekee. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na kila jioni ilimpanda homa iliyomlegeza viungo na kumwacha ameloa jasho alfajiri. Mwaka juzi vijana wa Kituo walipita wakamtoa damu, yeye na wenzake wengi, wakaitia katika kisanduku cha barafu na kuahidi kurudi na jibu. Kisanduku kilionekana mara ya mwisho kikivuka daraja la Tana.

"Iko Nairobi, eddo. Jibu liko katika hatua."

"Mwanangu naye yuko katika hatua," alisema Weris. "Tumbo ni la mwezi wa tatu. Yale mengine hayakuvuka wa tano."

Abdimalik alimtazama binamu yake, aliyekuwa ameketi mlangoni akifuma kamba, uso umemchongoka, akaona haya bila kujua ni haya ya nini.

"Nitakujengea hiyo ofisi," alisema Weris. "Lakini mkubwa wako akija kuifungua, aje na jibu la Nasteha. Umesikia, eddo? Asije na kitu kingine."

Jioni hiyo Abdimalik aliripoti Nairobi kwamba jamii imeupokea mradi kwa shauku.

Ofisi ilijengwa kama Mwongozo ulivyoagiza. Ilikuwa aqal, nyumba ya kuhamahama: fito ndefu zimepindwa zikakutana juu, mikeka mizito ya nyuzi imefungwa juu ya fito kwa kamba. Weris aliongoza kazi na wanawake wenzake wakasaidia wakiimba. Ingekwisha mchana mmoja, isipokuwa Mwongozo uliitaka ofisi iwe pia na meza ya mninga, jokofu la gesi, na mlango wa mbao wenye kufuli. Meza haikupita popote, kwa hiyo ilibidi ofisi ibomolewe na kujengwa upya juu yake. Mlango ulisimamishwa mbele ya mikeka, ukapigwa kufuli, na Abdimalik akakabidhiwa ufunguo. Wengine wote waliingia kwa kuinua mkeka.

Palikuwa pia na Kamati ya Ushauri ya Jamii. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kulow, aliyechaguliwa kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa macho kikao kilipofika kipengele cha uchaguzi.

Kilichobaki kilikuwa kuupima ushirikishwaji wenyewe. Kwa kuwa hauna mashine kama presha, Kituo kilibuni kipimo chake, nacho kilikuwa kikombe cha chai. Kila kikombe alichokunywa afisa pamoja na mwanajamii kilihesabiwa kuwa kizio kimoja cha ushirikishwaji. Abdimalik, aliyekuwa mtu wa bidii, alianza kukosa usingizi. Kufikia Aprili, Har Weyne ilikuwa imeshirikishwa kuliko wilaya yoyote nchini, na sukari ilikuwa imekwisha dukani.

Kila Ijumaa baada ya swala aliingia kwenye Landrova, akawasha redio ya masafa, akauliza Nairobi kuhusu damu ya Nasteha. Ijumaa ya kwanza alijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Ijumaa ya pili alikumbushwa kwamba Kituo hakitumii majina ya washiriki, ili kulinda siri zao, na kwamba anatakiwa kutaja namba ya mshiriki. Aliuliza namba inapatikana wapi. Akaambiwa imebandikwa kwenye chupa. Akauliza chupa iko wapi. Akaambiwa hiyo ni siri mpaka itajwe namba.

Abdimalik aliona utaratibu huo una mantiki yake, ila hakujua namna ya kuieleza kwa Kisomali.

"Wanasemaje?" Weris aliuliza kila mara.

"Wanalinda siri za Nasteha, eddo."

"Wanamficha nani? Nasteha mwenyewe?"

Siku chache kabla ya ufunguzi, Abdimalik alikwenda Garissa kutafuta mazulia, maji ya chupa na utepe wa kukatwa. Aliporudi, Har Weyne haikuwapo.

Palikuwa na majivu, miduara ya ardhi iliyofagiliwa pale nyumba ziliposimama, na katikati ya uwanda mweupe, peke yake, meza ya mninga. Juu ya meza alikuwa amelala Mwenyekiti wa Kamati ya Ushauri ya Jamii.

"Adeer Kulow!" aliita, kwa neno la Kisomali la kumheshimu baba mdogo. "Ofisi iko wapi?"

Mzee Kulow alifungua jicho moja. "Imehama."

"Imehama kwa idhini ya nani?"

"Ya mvua. Vijana wa kutafuta malisho wamerudi, wamesema upande wa Diff kumenyesha, nyasi zinafika hapa." Aligusa goti lake. "Weris akaifungua, akaipakia. Imebebwa na ngamia wawili. Yule mweusi amebeba jokofu."

"Lakini ile ni ofisi ya Kituo!"

"Nani aliijenga?"

Kule kwao aqal ni mali ya mwanamke aliyeijenga. Yeye ndiye huisimamisha, yeye ndiye huing'oa na kuipandisha ngamia, na mume akikosana na mkewe, anayebaki bila nyumba ni mume. Jambo hilo kila mtoto analijua. Abdimalik alilijua pia. Hakuwa amewahi kufikiri tu kwamba linahusu ofisi.

"Na meza?"

"Meza wameikataa ngamia. Wa kwanza aliketi chini, wa pili akamtemea Weris. Nikasema basi, kamati imeamua, meza ibaki. Mimi nimebaki kumngoja ngamia wangu aliyepotea. Hujaja na chai?"

Abdimalik alirudi kwenye gari, akawasha redio. Kwa bahati mbaya Profesa alikuwa karibu na chombo, na alikuwa na mgeni.

"Ofisi iko tayari kwa ufunguzi? Ova."

"Iko tayari kabisa, Profesa. Ila iko mbele kidogo. Ova."

"Mbele ya nini? Ova."

"Inaelekea Diff. Ova."

Redio ilinguruma. "Diff ni mpakani, bwana! Nani ameihamisha bila kibali? Ova."

Abdimalik alitafakari. Kazi yake ilikuwa ya majaribio, na alipotafuta neno la kumwokoa alipata la Profesa mwenyewe. "Jamii, Profesa. Kwa vifaa vya jamii na kwa desturi za jamii. Ova."

Nyuma ya redio ilisikika sauti ya mwanamke ikisema kwa Kiingereza kwamba hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo. Huyo alikuwa Bi. Solveig, mjumbe wa wafadhili. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa na kasoro moja ambayo Kituo hakikuitarajia. Alikuwa ameusoma Mwongozo.

Msafara uliifuata ofisi kaskazini, Landrova mbili na lori la askari, kwani siku hizo hakuna aliyeipita njia ile bila askari. Mzee Kulow aliketi mbele kuonyesha njia, kwa kuwa ngamia wake alikuwa amekutwa akielekea huko huko. Waliikuta ofisi kando ya dimbwi la mvua, kabla ya kufika Diff, imesimama vizuri kuliko mara ya kwanza maana sasa haikuwa na meza tumboni. Kibao cha Kituo kilikuwa kimeegemezwa ubavuni mwake. Mlango wa mbao ulikuwa umelazwa juu ya mawe manne, na wanambuzi wamelala kivulini mwake, kufuli ikining'inia.

Profesa Mwangemi alishuka, akajikung'uta vumbi, akaenda moja kwa moja kuingia ofisini kwake.

"Waryaa, we bwana!" Sauti ya Weris ilimkamata mguu mmoja ukiwa hewani. "Abdimalik, mwambie huyo mtu nyumba ya mwanamke haiingiwi hivyo. Ana mama yeye?"

Abdimalik alimgeukia Profesa. "Shangazi anawakaribisha sana. Anapendekeza tukae hapa nje, kuna hewa."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kutafsiri. Alichukua maneno ya upande mmoja, akayapunguza kwa nusu, akaongeza sukari. Kwa njia hiyo alikuwa amedumisha amani kati ya Kituo na jamii tangu Februari.

Waliketi mkekani. Nasteha alileta maziwa ya ngamia katika vibuyu, mabichi, yenye harufu ya moshi. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana na hatua zake zilikuwa nzito. Bi. Solveig aliomba radhi, akasema tumbo lake halipatani na maziwa ya aina yoyote. Profesa alikitazama kibuyu chake. Hakuna mtu katika nchi nzima aliyejua kama yeye kinachoweza kuwamo ndani ya maziwa yasiyochemshwa. Alikuwa amefundisha somo hilo nusu ya maisha yake. Lakini mfadhili alikuwa akimtazama, na Kamati ya Ushauri nayo ilikuwa ikimtazama. Akanywa, kwa niaba ya Kituo.

"Haya," alisema Mzee Kulow, akiacha Kisomali na kutumia Kiswahili chake kwa heshima ya wageni. "Brofesa, sasa toa habari."

"Hotuba yangu iko tayari," alisema Profesa.

"Hotuba badaye. Kwanza habari. Wewe natoka wapi, njiani naona nini, mvua nanyesha wapi, watu naacha namna gani?"

Abdimalik alimweleza Profesa kwa upole kwamba huko mgeni hana budi kutoa habari zote za alikotoka kabla ya neno lingine lolote, na kwamba huulizwa habari za kila jamaa aliye upande huo. Profesa akasema Nairobi ni salama na barabara ni mbaya. Waliitikia, wakangoja. Hakuwa na zaidi.

"Damu ya Nasteha umeiachaje?" aliuliza Weris.

"Na yangu," akadakia Mzee Kulow kwa Kisomali. "Ilipoondoka ilikuwa na kikohozi."

Watu wengine waliokuwa wameketi walianza kuuliza pia, kila mmoja kwa zamu na kwa adabu, kama unavyomwuliza msafiri habari za ndugu aliye mji mwingine: ya kwangu je, mzima? Imepona? Ilipata pa kukaa?

"Wanauliza nini?" alisema Bi. Solveig.

"Wanasalimia," alisema Abdimalik.

Profesa aliona ni wakati wa kuurudisha mkutano kwenye ratiba. Alisimama, akahutubia kwa Kiingereza kizuri kilichomlenga Bi. Solveig, na Abdimalik akatafsiri kwa mtindo wake. Alieleza malengo. Alieleza nguzo. Ili kuonyesha kwamba utafiti ni watu wala si takwimu, alieleza kisa ambacho, alisema, kilimsukuma kuandika Mwongozo, na ambacho alikuwa amekisimulia Geneva, Stockholm na Kampala, na kila mahali watu walitokwa na machozi.

Palikuwa na mwanamke kijana wa jamii hizi, alisema. Mimba mbili zimeharibika. Homa za jioni. Mkono wa kushoto una kovu la moto, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Damu yake ilipopimwa, ilionyesha wazi homa ya maziwa, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Cha kuumiza, alisema Profesa akipunguza sauti, ni kwamba unatibika kwa vidonge vinavyopatikana katika hospitali yoyote ya wilaya.

Abdimalik alikuwa ametafsiri nusu ya kwanza kabla ya kuelewa anachokisema. Akanyamaza. Nasteha alikuwa amesimama mbele yao, ameinama akimwongezea Bi. Solveig maji, na mtandio ulikuwa umemteleza mkono wa kushoto, kovu likaonekana lote.

Abdimalik alikuwa na njia mbili. Ya kwanza alikuwa ameizoea: kuna mgonjwa mmoja, Profesa anampenda, anawapenda nyote. Ingetosha, ufunguzi ungefanyika, na majaribio yake yangekwisha salama. Akamtazama shangazi yake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Februari, akatafsiri maneno yote kama yalivyotoka, hata kovu, hata vidonge, hata Stockholm.

Weris alikuwa na uso ule ule. "Muulize kama huyo msichana alipewa hivyo vidonge."

Abdimalik aliuliza, kama lilivyo.

"Kwa masikitiko, hapana," alisema Profesa. "Hakupatikana tena. Hiyo ndiyo changamoto yetu kubwa. Jamii hizi huhama."

"Mwambie," alisema Weris, "maziwa aliyokunywa amemiminiwa na nani."

Abdimalik aliisema sentensi hiyo kwa Kiingereza, polepole, kwa wote wawili. Bi. Solveig alikiweka kikombe chini. Profesa alimtazama Nasteha usoni, kisha mkononi, kisha tumboni, na kwa muda akawa daktari, kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa miaka mingi.

"Jambo hili," alisema hatimaye, "linadhihirisha umuhimu wa ushirikishwaji."

"Sasa linadhihirisha umuhimu wa vidonge," alisema Weris, na hilo nalo likatafsiriwa lote.

Landrova moja iliondoka saa hiyo hiyo kwenda kuleta vidonge hospitali ya Garissa. Profesa alinyanyuka ili aende nayo, kusimamia, alisema. Weris alikuwa amekwisha simama mbele ya mlango wa gari.

"Mgeni huondoka kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Wewe ndiye unayeujua ugonjwa wake. Utakaa mpaka mtoto atoke salama. Ukienda, na wewe hutapatikana tena."

"Haiwezekani! Nina vikao. Bi. Solveig, tafadhali waeleze."

Bi. Solveig alikuwa akifunua kurasa. "Lakini Profesa, imo," alisema kwa furaha ya mtu aliyekuta kitu pale alipoambiwa kipo. "Uongozi utakaa pale ofisi ilipo. Nakumbuka nilikuuliza kama unamaanisha hivyo kweli. Ukasema hicho ndicho kifungu unachokipenda."

Kwa hiyo Profesa Mwangemi alikaa. Taarifa ya Kituo ilieleza kwamba ushirikishwaji umefikia ngazi ya juu kabisa.

Nasteha alimeza vidonge vyake mbele ya Profesa kila asubuhi na kila jioni. Homa ikapungua, ikakoma. Tumbo likavuka mwezi wa tano, na siku hiyo Weris hakusema kitu, alichinja tu mbuzi. Kwa agizo la Profesa maziwa ya Nasteha yalichemshwa. Ya Profesa hayakuchemshwa. Katika manyatta ile maziwa yaliyochemshwa hupewa wagonjwa na vizee wasio na meno, na kumpa mgeni wa heshima kungekuwa kumtukana. Naye, kila alipotaka kulieleza jambo hilo, alikumbuka kwamba desturi za jamii zimetajwa katika Mwongozo. Nyasi zilipokwisha, ofisi iling'olewa, ikapandishwa ngamia, na uongozi ukatembea nyuma yake umeshika kamba. Mzee Kulow alimsifu. Alisema kwa mtu aliyesoma sana, ana miguu mizuri.

Mtoto alizaliwa karibu na Diff yenyewe, wa kike, analia kwa nguvu. Weris alitoka nje, akamwambia Profesa kwamba sasa ana ruhusa, na kwamba Mungu amlipe.

Profesa alimwomba Abdimalik aite gari kwa redio ya polisi wa Diff. Jibu lilichelewa, kisha likaja likiwa na adabu zote. Kituo kilikuwa na Kaimu Mkurugenzi sasa, na Kaimu Mkurugenzi alikuwa ametoa ufafanuzi kwamba jamii ni mtu yeyote aliyekaa pale ofisi ilipo kwa msimu mzima. Profesa, kwa hesabu hiyo, alikuwa jamii. Na kwa kuwa mtu hawezi kuwa mtafiti na jamii kwa wakati mmoja bila kuleta mgongano wa maslahi, Kituo kilimwondoa katika watumishi na kumshukuru kwa kukubali kushiriki. Gari lingekuja, ndiyo, lakini kwa ajili ya utafiti mpya.

Lilipofika, Profesa alikuwa ameketi kivulini amejitanda shuka. Kwa majuma kadhaa kila jioni ilimpanda homa, ikamlegeza viungo, ikamwacha ameloa jasho alfajiri. Alidhani anajua ni nini. Vidonge vyote vilikuwa vimemezwa na Nasteha, na hata vingebaki, alijua mara ngapi daktari hujidanganya kuhusu mwili wake mwenyewe. Alitaka kupimwa.

Akashuka daktari kijana mwenye kisanduku cha barafu na mche wa sabuni kwa kila mshiriki.

"Mzee, shikamoo. Kunja mkono wa shati, tafadhali."

"Mimi ni Profesa Mwangemi."

"Majina hatutumii, mzee," alisema kijana kwa upole. "Ni kwa usalama wako."

Profesa alimtazama. Akaanza kukunja mkono wa shati. Ndipo Weris akatoka ndani ya nyumba yake, mjukuu begani, akaja akasimama kati ya sindano na mkono.

"Huyu ni mgeni wangu," alisema. "Abdimalik, mwulize kijana. Damu hii anaipeleka wapi, nani ataitazama, na siku gani atarudi hapa na jibu."

Abdimalik aliuliza, bila kupunguza na bila sukari. Daktari kijana alishusha pamba yake. Watu walisogea, wakaketi, wakangoja. Na Profesa Mwangemi, shati likiwa limekunjwa nusu, aliinua uso wake wenye homa, akainamisha sikio mbele kuliko wote, ili asikie atakachojibu.